Gitaa Pweke na Sauti ya Pili: Namna ya Kuzisikiliza Rekodi za Mwenda Jean Bosco na George Mukabi

Ikisiri

Makala hii inachunguza rekodi za wapiga gitaa wawili, Mwenda Jean Bosco wa Katanga na George Mukabi wa Kisa, Kakamega, kwa sikio la mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Inadai kwamba nyimbo hizi zimehukumiwa kuwa tungo duni kwa sababu zimesomwa badala ya kusikilizwa. Santuri ilipomtenga fanani na hadhira yake, gitaa lilitwaa nafasi ya waitikiaji. Kwa hiyo anayenakili maneno peke yake huwa amenakili nusu ya matini. Njia ya kuifikia nusu ya pili inapendekezwa na kujadiliwa.

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapotakiwa kuuhakiki wimbo, kitu cha kwanza anachokitafuta ni kalamu. Huyanakili maneno, akayapanga katika mishororo, akahesabu mizani, akatazama vina, kisha akaingia katika maudhui: mapenzi, ulevi, ndoa, umaskini, mji na mashamba. Utaratibu huu una manufaa yake, na wahakiki wengi wa fasihi simulizi wamefika walipo kwa kuufuata. Hata hivyo, una kasoro moja isiyoonekana kwa urahisi kwa kuwa imejificha mwanzoni kabisa mwa kazi. Kalamu huandika kile inachoweza kukiandika. Yasiyo maneno hubaki kwenye santuri.

Katika wimbo wa kwaya au wa jandoni kasoro hiyo haidhuru sana, maana sauti nyingi za watu ndizo zinazobeba utungo. Katika rekodi ya mtu mmoja na gitaa lake inadhuru mno. Hapo maneno huwa machache, hurudiwarudiwa, na yakiwekwa kwenye karatasi huonekana makavu. Mhakiki huishia kusema kwamba msanii “anatumia takriri ili kusisitiza ujumbe”, kauli ambayo imetumiwa mara nyingi hata imekoma kueleza chochote. Makala hii inashughulikia hukumu hiyo, na inatumia rekodi za watu wawili ambao Kiswahili kiliwaunganisha ingawa makwao kulikuwa mbalimbali.

Mwenda Jean Bosco, aliyejiita pia Mwenda wa Bayeke, alizaliwa mwaka 1930 na asili yake ni Bunkeya, Katanga. Bunkeya ilikuwa makao ya Msiri, mtawala wa Wayeke, watu waliotoka Unyamwezi katika karne ya 19 wakifuata biashara ya shaba na pembe. Mwenda lilikuwa jina la Msiri pia. Misafara hiyo hiyo iliyowapeleka Wayeke Katanga ilipeleka Kiswahili, nacho Kiswahili kikaja kukua katika miji ya migodi hadi kikawa lugha ya mtaa, ya kazi na ya nyimbo. George Mukabi naye alitoka Kisa, sehemu iliyo katika Khwisero ya leo, kaunti ya Kakamega, akafariki mwaka 1963 akiwa bado katika ujana wake. Ndiye anayetajwa zaidi kila yanapozungumzwa asili ya omutibo, mtindo wa gitaa kavu wa Waluhya.

Kinanda cha mtu mmoja

Kabla ya kuingia Katanga na Kisa, inafaa kupitia mbali kidogo, kwa sababu suala la msanii mmoja na ala moja limejadiliwa sana na wapenzi wa muziki wa jazi wa Marekani. (Jazi inayokusudiwa hapa siyo ile iliyomo katika majina ya Tabora Jazz, Morogoro Jazz au Western Jazz. Bendi hizo zilichukua jina zikaacha muziki wenyewe, wala hazikukosea.)

Ndani ya bendi, mpiga piano ana wenzake: besi humshikia chini, ngoma humhesabia, tarumbeta humjibu. Akiketi peke yake, yampasa kuzitenda kazi zote hizo kwa mikono miwili. Thelonious Monk, katika santuri yake ya Solo Monk iliyotoka mwaka 1965, aliurejea mtindo wa zamani ambapo mkono wa kushoto huruka huku na huko kati ya besi na sauti za katikati, kana kwamba wapo wapigaji wawili. Abdullah Ibrahim wa Cape Town, katika onyesho lililorekodiwa Copenhagen mwaka 1969 na kutolewa kwa jina African Piano, alishika njia nyingine: mkono wa kushoto ulikariri mzunguko uleule wa besi kwa muda mrefu, wa kulia ukatembea utakako. Naye Keith Jarrett, tarehe 24 Januari 1975, aliketi katika jumba la opera la Köln, Ujerumani, mbele ya piano ambayo siyo aliyoiomba, akapiga kwa zaidi ya saa moja bila utungo uliotayarishwa. Piano hiyo ilikuwa dhaifu juu na chini, basi akakaa sana katikati yake na kuutegemea mzunguko wa mkono wa kushoto. Upungufu wa ala ukawa umbo la utungo.

Kiswahili hakikuwa mgeni katika muziki huo. Mpiga piano Randy Weston alipotayarisha Uhuru Afrika mwaka 1960, maneno ya mshairi Langston Hughes yalisomwa ndani yake kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Lakini linalotakiwa hapa si lugha, ni usikivu. Msikilizaji wa Jarrett au wa Ibrahim hasemi kwamba rekodi haina maneno kwa hiyo haina maana. Hufuatilia mkono mmoja, akaufuatilia wa pili, akangoja pale unapoacha kukubaliana na mwenzake. Anajua kwamba mpigaji pweke akipotea hana wa kumrudisha njiani, na kwamba ujasiri wake upo katika kuiendea hatari hiyo kwa hiari. Usikivu kama huo umenyimwa gitaa la Afrika Mashariki na Kati, na walioongoza katika kulinyima ni watu wa fasihi, ambao ndio waliotarajiwa kulitetea.

Fanani asiye na hadhira

M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika Mulika mwaka 1989, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio. Yupo fanani, ipo hadhira, ipo fani inayotendwa, pana mahali na wakati wake. Kila mwanafunzi wa Kiswahili ameyakariri hayo kwa ajili ya mtihani. Yasiyoulizwa mara kwa mara ni haya: Je, tukio linapotiwa kwenye santuri, hadhira huenda wapi?

Jibu linaweza kuanzia kwa majirani wa Kisa, Isukha na Idakho, penye isukuti. Ngoma hiyo, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, huchezwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga. Husikika katika mazishi, arusi, sherehe za kuzaliwa watoto na hata mapigano ya fahali huko Khayega. Kiongozi hutoa kauli, kundi humwitikia, ngoma hazinyamazi. Kauli ya kiongozi yaweza kuwa fupi sana, hata jina la mtu tu, kwa maana haisimami peke yake. Mwitikio huibeba, ngoma huisukuma, naye kiongozi hupata nafasi ya kuwaza neno la pili. Ni utaratibu wenye majukumu matatu, na kila jukumu lina wenyewe.

Sasa mwondoe kiongozi huyo uwanjani. Mkalishe mbele ya kipaza sauti, mpe gitaa, umwambie ana dakika 3. Muda huo haukuwa chaguo la mtu. Santuri ya inchi 10 iliyozunguka mara 78 kwa dakika haikuweza kubeba zaidi ya hapo kwa kila upande. Hakuna wa kumwitikia, au yupo mmoja tu. Hakuna ngoma. Wapo watu maelfu watakaousikia wimbo huo Nairobi, Kampala au Elisabethville, lakini hakuna hata mmoja atakayempigia makofi sasa hivi.

Dai la makala hii ni kwamba mpiga gitaa pweke aliyajaza majukumu yote matatu kwa vidole viwili na koo moja. Dole gumba, likizipiga nyuzi nene, lilishika kazi ya ngoma. Kidole cha shahada, kikizipiga nyuzi nyembamba, kilishika kazi ya waitikiaji. Koo likabaki na kazi ya kiongozi. Watafiti wa gitaa la eneo hili wameeleza mara nyingi upigaji huo wa gumba na shahada. Wanauona kuwa ufundi wa mkono, na ni kweli. Lakini kwa mwanafunzi wa fasihi huo pia ni muundo wa kauli na mwitikio ambao anaujua vyema, isipokuwa umehamia mahali ambapo hakuzoea kuutafuta.

Bosco: mzunguko usiorudi palepale

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Bosco huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo. Miongoni mwa rekodi hizo ulikuwapo wimbo Masanga, uliopata tuzo ya Osborn kwa mwaka huo na kusambazwa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Jina la kampuni hiyo lilienea hata magitaa yake yakawapa watu wa Tanganyika neno jipya, galatoni. Mwaka 1959 Bosco alikuja Nairobi, akakaa miezi kadhaa, akasikika redioni, na kizazi kizima cha wapiga gitaa wa Kenya kikamsikiliza vidole. Miaka kumi baadaye, 1969, alipiga katika tamasha la Newport huko Marekani.

Masanga ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa maana ndani yake gitaa ndilo lenye neno. Anayeusikia kwa mara ya kwanza huhisi ni wimbo mwepesi, wa kutembea. Akijaribu kuupigia makofi ndipo anapotatizika: mapigo yaweza kuhesabiwa kwa mbili, na yaweza kuhesabiwa kwa tatu, na gitaa halimwambii lipi ni sahihi. Besi inamvuta huku, sauti ya juu inamvuta kule. David Rycroft, aliyechapisha uchambuzi mrefu wa gitaa la Bosco katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, aliuita upigaji huo utungaji wa papo kwa papo. Aliuandika kwa nota, sauti baada ya sauti, na ukitazamwa hivyo jambo moja linadhihirika: mzunguko unarudi lakini haurudi palepale. Kila unaporejea, kitu kidogo kimebadilika. Sauti moja imecheleweshwa, au imeachwa, au imeingizwa mahali palipokuwa kimya.

Mwanafunzi aliyesoma nadharia ya Albert Lord kuhusu utunzi wa tendi simulizi hatashangaa. Lord, katika The Singer of Tales ya mwaka 1960, alionyesha kwamba mtambaji wa tendi hakariri utungo mzima kichwani; ana hazina ya fomula anazozipanga upya kila anapoimba. Fomula za Bosco ziko vidoleni. Tofauti ni kwamba mtambaji wa Lord alikuwa na usiku kucha, Bosco alikuwa na upande mmoja wa santuri. Pengine ndiyo sababu mabadiliko yake ni madogo kiasi hicho. Asingeweza kuondoka nyumbani akaenda mbali, akatumaini kurudi kabla ya sindano kufika katikati ya santuri. Ujasiri wake ni wa mtu anayecheza pembeni mwa shimo bila kulitazama, tena kwa uso wa kawaida.

Edouard Masengo, mwenzake wa Katanga aliyejulikana sana Kenya, ana sauti tamu kuliko yake na nyimbo zinazoshikika upesi. Lakini gitaa la Masengo huwa linausindikiza wimbo. La Bosco linabishana nao.

Mukabi: jina linaloitwa

Gitaa lilifika Uluhyani kwa njia nyingi, zikiwamo reli iliyoishia Butere na mizigo ya askari waliorudi kutoka vita vya pili vya dunia. Lilipofika lilikuta watu wenye litungu na ngoma. Katika omutibo, mahadhi ya gitaa yaliungana na mdundo unaohusishwa na isukuti, na pembeni kukawekwa chupa ya Fanta yenye mikato, ikikwaruzwa kwa chuma. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba Mukabi alikuwa peke yake kabisa. Mara nyingi palikuwa na mkwaruzo huo na sauti ya pili ya kuimba. Lakini gitaa lilikuwa moja, nalo ndilo lililobeba mzigo.

Wimbo wake unaojulikana kuliko zote ni Sengula Nakupenda. Anwani hiyo ina maneno mawili tu, jina la mtu na kitenzi. Mhakiki wa karatasi hana la kufanya nayo. Ataandika kwamba maudhui ni mapenzi, kisha atatafuta tamathali za usemi ashindwe kuzipata. Lakini tuseme anaichukua anwani hiyo kama kauli ya kiongozi katika isukuti. Jina linaitwa. Mwenye jina hayupo; hawezi kuwapo, hii ni santuri. Mwitaji ananyamaza, gitaa linashika. Katika omutibo vipande vya kuimba na vipande vya gitaa hupokezana, na mara kwa mara gitaa hurejesha mahadhi yaleyale yaliyotoka kuimbwa, likiyasema bila maneno. Hapo ndipo pana mwitikio. Aliyeitwa hajibu, bali kinasikika kivuli cha mwito wenyewe ukirudi kwa sauti nyingine. Wimbo wa mapenzi ambao mpenziwe mtu anajibiwa na gitaa lake mwenyewe una huzuni ambayo maneno yake hayaitaji mahali popote, na hauwezi kuhakikiwa kwa kuyatazama hayo maneno.

Mtoto si Nguo ni mfano wa namna nyingine. Anwani yake imejengwa kwa muundo wa methali. Kiswahili kina methali nyingi zinazokanusha kwanza ili zithibitishe baadaye, kwa mfano undugu si kufanana, ni kufaana. Hapa ukanushaji upo, uthibitisho umeachwa. Mtoto si nguo. Basi ni nini? Msikilizaji wa Kiswahili huachiwa nusu ya pili aijaze, kama vile mtega kitendawili anavyomwachia mteguaji. Na katika mtindo unaompa gitaa zamu yake baada ya kila kauli, msikilizaji hupata pia muda wa kuijaza. Muda huo ni sehemu ya fani. Ukiuandika wimbo kwa mishororo iliyofuatana moja kwa moja, umeufuta.

Kati ya wawili hawa, Bosco ndiye mjasiri zaidi kwa upande wa vidole. Mukabi hatangitangi, mzunguko wake ni imara na umekazwa kama ngozi ya ngoma, na asiyesikiliza kwa makini aweza kudhani kwamba kila kipande ni nakala ya kilichotangulia. Ujasiri wake uko kwingine, katika kukubali kusema machache kiasi kile na kuliamini gitaa limalizie.

Suala la Kiswahili “kibovu”

Kuna hukumu nyingine inayozikabili nyimbo hizi, hasa katika vyuo: kwamba Kiswahili chake si sanifu. Ni kweli. Bosco aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, kinachoitwa pia Kingwana. Wimbo wake mmoja unaitwa Tambala Moja, mahali ambapo msanifishaji angeandika tambara. Mkusanyiko wa nyimbo za Mukabi uliotolewa Marekani na kampuni ndogo ya Olvido umepewa anwani Furaha Wenye Gita, nayo ikipelekwa kwa mwalimu wa sarufi itarudi na wino mwekundu: kiunganishi kiko wapi?

Wino huo mwekundu una mahali pake, lakini si hapa. Johannes Fabian, katika Language and Colonial Power ya mwaka 1986, alionyesha jinsi Kiswahili cha Katanga kilivyokuwa na historia yake, na jinsi tofauti kati ya “kizuri” na “kibovu” ilivyokuwa na mkono wa utawala wa kikoloni ndani yake. Zaidi ya hoja hiyo ya kihistoria, ipo ya kifani. Anayeimba juu ya mzunguko wa gitaa anaandika shairi katika bahari ambayo arudhi zake ziko kwenye nyuzi. Silabi zake hazihesabiwi kwa mizani ya utenzi. Zinapimwa kwa nafasi iliyobaki kati ya pigo la gumba na jingine. Kiunganishi kinachoachwa katika wenye gita pengine kiliachwa kwa sababu hiyohiyo inayomfanya mshairi wa tarbia afupishe neno ili mshororo utimie. Wa pili huitwa mwenye inkisari, na jambo hilo husifiwa kuwa idhini ya kishairi. Wa kwanza huambiwa hajui ngeli.

Haisemwi hapa kwamba kila kosa ni fani. Yapo maneno katika rekodi hizo yaliyowekwa kujaza nafasi tu, kama ambavyo vipo vipande vya gitaa ambavyo havisemi lolote, na mhakiki anayeona maana katika kila uzi hana tofauti na yule asiyeiona popote. Lakini hukumu haina budi kutolewa baada ya kusikiliza, na mtu asikilize vitu vyote viwili.

Jinsi ya kusikiliza

Njia inayopendekezwa ni ya polepole, na ubaya wake ni kwamba haimwezeshi mtu kumaliza nyimbo kumi kwa jioni moja. Mwanafunzi achague wimbo mmoja. Mara ya kwanza ausikilize bila kalamu, hata maneno asiyafuatilie sana. Mara ya pili alifuate gumba peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, akiligonga mezani. Kazi hii ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Sikio hukimbilia sauti ya juu kama vile jicho linavyokimbilia herufi kubwa, na wengi humpoteza gumba pale mwimbaji anapoanza kuimba. Mara ya tatu akifuate kidole cha shahada, na hapo aanze kuandika, si nota kama hazijui, bali alama yoyote itakayomwambia ni wapi sauti ya juu imefanya jambo ambalo haikulifanya mzunguko uliotangulia. Maneno yaje mwisho. Hata hayo yasipangwe kwa mishororo mara moja. Yawekwe kwenye karatasi palepale yalipoangukia juu ya mzunguko, na kimya kiachwe wazi kwa upana wake halisi.

Karatasi ya namna hiyo huonekana ya ajabu. Sehemu kubwa yake ni nyeupe. Mwanafunzi aliyezoea beti zilizojaa atadhani amekosea. Lakini maswali anayoweza kuuliza sasa ni tofauti na ya zamani. Je, mwimbaji huanza kauli kabla ya pigo, juu yake, au baada yake? Kauli inayorudiwa mara nne imerudiwa juu ya gitaa lilelile, au gitaa limesogea chini yake kama maji chini ya daraja? Ni wapi kidole kimemjibu mwimbaji, na ni wapi kimemkatiza? Ile takriri iliyosemwa “inasisitiza ujumbe” hugeuka kuwa mambo mawili au matatu mbalimbali. Yawezekana neno limesimama ili gitaa lisogee, na yawezekana pia kwamba mwimbaji anasubiri mzunguko umfikie. Wakati mwingine, ni lazima ikubalike, amesahau ubeti wake.

Mhadhiri anayesimamia tasnifu aweza kuuliza kama hii bado ni fasihi au imekuwa sayansi ya muziki. Swali ni la haki. Jibu linategemea mtu anaamini nini kuhusu darasa la Mulokozi. Ikiwa fasihi simulizi ni tukio kweli, basi mwitikio ni sehemu ya matini, na haujali kama umetolewa na koo la mwanakijiji au na uzi wa chuma. Ikiwa ni maneno tu, mtihani wa mwaka wa kwanza ubadilishwe.

Rekodi zenyewe

Nyimbo hizi zinapatikana leo kuliko zilivyopatikana miaka thelathini iliyopita. Rekodi za Tracey zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, na nyingi zimetolewa upya. Bosco mwenyewe alirekodi tena Cape Town mwaka 1988, akiwa mtu mzima, na inafaa kuzilinganisha rekodi hizo na za ujanani: mkono umetulia, mizaha imepungua, lakini gumba ni lilelile. Kwa omutibo, Abana ba Nasery wa Bunyore walikusanyiwa nyimbo zao huko London mwaka 1989, na Johnstone Mukabi aliziendeleza za baba yake. Mwanafunzi wa Kakamega ana bahati ambayo mwenzake wa mbali hana, kwa sababu Khwisero, Butere na Bunyore si safari ya siku nzima, na bado wapo wazee wanaoweza kumwambia kama sauti fulani katika gitaa la Mukabi iliwakumbusha ngoma gani.

Lipo onyo moja la kiufundi. Santuri za zamani zina mkwaruzo, na nakala nyingi zinazozunguka zimesafishwa kwa pupa, mkwaruzo ukaondoka na sehemu ya sauti. Spika ndogo ya simu nayo haiwezi kutoa sauti nzito. Anayesikiliza Sengula Nakupenda kwa simu iliyowekwa mezani atamsikia Mukabi vizuri sana, na kidole cha shahada kitamjia safi, lakini gumba halitafika kwake. Atakuwa na kiongozi na waitikiaji wake, ngoma hakuna, na ataandika kwamba wimbo ni mwepesi. Inafaa kutumia vifaa vya masikioni, au redio kubwa ya zamani yenye spika ya mbao.